Vichujio Kumi na Vitatu

Kila asubuhi, kabla ya kuingia stoo, Dk. Subilaga Mwaipopo alivua nguo zake zote, akaoga maji ya moto kwa sabuni ya magadi, akasugua kucha kwa brashi ya singa za nguruwe, kisha akavaa gauni la pamba lililochemshwa na kupita mlango wa pili akiwa pekupeku. Alifanya hivyo kwa miaka saba bila kuruka siku. Nyuma ya mlango wa tatu, katika chumba kisicho na dirisha, ndimo zilimokuwa bidhaa za mwisho za petroli katika hospitali ile ya Mbeya: vichujio arobaini na sita vya kusafishia damu, kila kimoja kwenye boksi lake, vimepangwa juu ya rafu za chuma.

Vingine vyote vilikuwa vimekwenda. Sindano zilirudi kuwa za kioo, za kuchemsha. Damu ilihifadhiwa kwenye chupa. Mirija ilitengenezwa kwa utomvu wa mpira uliotoka mashamba ya Muheza, na nyaya za umeme zilizungushiwa kitambaa kilicholowekwa nta. Watu walivaa pamba na sufu na kuchota maji kwa ndoo za bati, na mtoto wa darasa la kwanza hakuwahi kuona mfuko wa nailoni. Ila kichujio cha figo hakikupata mbadala. Ndani yake zimo nyuzi elfu kumi zenye tundu katikati, kila moja nyembamba kuliko unywele, na hakuna aliyejua kuzitengeneza bila petroli.

Subilaga ndiye aliyetengeneza visaga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo, na dampo la mji lilikuwa limeporomoka mpaka mtoni. Alichukua bakteria wa udongoni, akawabadilisha chembe zao za urithi mpaka wakaweza kula plastiki na kuacha uji mweupe wenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Vibarua wa dampo ndio waliowapa jina, kwa jinsi walivyosaga kila kitu. Mahesabu yake yalisema kwamba watakufa wakikosa joto la takataka zinazooza. Hawakufa. Walipanda upepo, wakavuka mipaka, na miaka ishirini na mitatu baadaye hakukuwa na nchi ambayo hawajafika.

Jumanne ile, alipofungua mlango wa tatu, harufu ya maziwa ilimpokea mlangoni.

Alisimama. Kisha akaenda kwenye rafu ya chini, akagusa boksi la mwisho upande wa kushoto. Vidole vilizama. Kichujio cha ndani kilikuwa kimelegea kama mshumaa ulioachwa juani. Akavua miwani ili afute macho, na hapo ndipo alipoona. Fremu ilikuwa ya waya, ndiyo maana hakuwahi kuifikiria. Lakini vile vipande viwili vidogo vinavyokaa puani vilikuwa vya plastiki, na kimoja kilikuwa kinanata kwenye kidole chake.

Kanuni ilibandikwa ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kisaga akionekana ndani, stoo yote ichomwe siku hiyohiyo. Sababu aliijua kuliko mtu yeyote: kichujio kilichoanza kuliwa hakionyeshi dalili kwa nje. Kinapasuka kikiwa kimejaa damu ya mtu.

Wagonjwa wa kusafishwa damu walikuwa sita. Bila vichujio wote wangekufa ndani ya wiki mbili au tatu. Watatu kati yao zamu yao ilikuwa leo, na mmoja wa hao watatu alikuwa baba yake.

Alikaa kwenye sakafu ya saruji mpaka miguu ikapata baridi. Kisha akainuka, akachukua maboksi matatu kutoka rafu ya juu, mbali na lile lililoharibika, akayanusa moja baada ya jingine. Leo ipite, alijiambia. Kesho nitasema.

*

Wadi ya figo ilikuwa na viti vitatu vilivyopangwa mbele ya dirisha. Kwenye cha kwanza alikaa Mzee Ambakisye, baba yake Subilaga, aliyefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha ndoo na mabeseni mpaka siku visaga walipoingia ghalani. Kwenye cha pili alikaa Zuberi, dereva wa zamani wa malori ya mafuta ya njia ya Tunduma, mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye mabega mapana yaliyoanza kupwaya ndani ya shati. Kwenye cha tatu alikaa Mwalimu Anyelwisye, ambaye kila Jumanne alikuja na madaftari ya wanafunzi akiyasahihisha kwa mkono wa kulia wakati wa kushoto umelala na sindano mbili.

Muuguzi mkuu, Sista Eliwaza, aliunganisha mirija, akafungua mashine, akamwangalia Subilaga.

"Daktari, leo hujalala?"

"Nimelala, Sista."

Mzee Ambakisye alikuwa ameanza hadithi zake. Alipenda historia ya viwanda kuliko kitu chochote.

"Walipochimba mafuta mwanzoni," alisema, "walitaka kitu kimoja tu, mafuta ya taa. Mengine walimwaga. Petroli yenyewe waliimwaga mtoni, hawakujua waifanyie nini. Kulikuwa na nta nyeusi inayoganda kwenye vyuma vya kuchimbia, inawasumbua. Wachimbaji wakawa wanajipaka wakiungua. Akapita mkemia mmoja akaona, akaibeba, akaisafisha. Ndiyo hayo mafuta ya mgando tunayopaka watoto mpaka leo."

"Hayo nayajua, Mzee," alisema Zuberi. "Tuambie ya tembo."

"Ya tembo si ya petroli. Ni ya zamani zaidi. Matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa na mchezo wa kugonga mipira mezani, na mipira ilikuwa ya pembe za ndovu. Pembe zikaadimika. Ikatangazwa zawadi kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake, na watu wakachanganya pamba na dawa mpaka wakapata plastiki ya mwanzo."

"Kwa hiyo ndoo zako ni wajukuu wa tembo."

"Ni wajukuu wa mchezo," alisema Mzee Ambakisye, na Anyelwisye akacheka bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

Subilaga alisimama karibu na mlango. Macho yake hayakutoka kwenye mirija ya kioo inayotoa maji machafu. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, kama yanavyotakiwa. Saa tatu ikapita. Saa nne ikagonga.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi hivi Zuberi aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, nasikia baridi."

Mrija wake ulikuwa umegeuka mwekundu. Eliwaza alifika kabla hajamaliza kusema, akabana mirija, akazima mashine, akaagiza damu. Chupa mbili zililetwa. Subilaga alishika mkono wa Zuberi, akausikia ukipoa kuanzia kwenye vidole. Uji wa visaga ulikuwa umeingia kwenye damu yake pamoja na vipande vya nyuzi, na moyo haukuweza kuustahimili. Zuberi aliuliza mara moja kama mke wake ameshapigiwa simu. Hakuuliza tena. Saa sita kasoro robo Eliwaza alimfunika uso.

Wengine wawili walikuwa wameshatolewa kwenye mashine. Anyelwisye alikuwa bado ameshika kalamu nyekundu.

*

"Nilijua tangu asubuhi," Subilaga alisema.

Walikuwa kwenye korido, yeye na Eliwaza. Alieleza harufu, boksi, miwani. Eliwaza alikuwa anakunja shuka lililolowa. Alilikunja mara nne, kwa uangalifu, kama linalokwenda kabatini. Kisha akaliachia likaanguka sakafuni.

"Mimi ndiye niliyemchoma sindano," alisema. "Kwa mikono yangu hii. Na wewe umesimama pale mlangoni unaniangalia."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, tungekaa, tungefikiri. Sisi wawili tungefikiri." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nenda kamwambie baba yako kabla hajasikia kwa watu."

Mzee Ambakisye alikuwa amelazwa chumba cha pembeni, blanketi mpaka kidevuni. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Hakumkatisha hata mara moja. Alipomaliza, mzee alimgeukia.

"Maboksi uliyachukua matatu," alisema.

"Matatu, Baba."

"Ulipoyanusa, yote yalikuwa sawa?"

Jambo hili Subilaga hakulisema hata kwa Eliwaza. "Mawili yalikuwa safi. Moja sikuwa na uhakika nalo."

"Hilo la wasiwasi ukampa nani?"

"Zuberi."

"Na langu?"

"Lako lilikuwa safi."

Mzee alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakashuka masikioni, naye hakuyafuta. Kisha alisema, "Basi mimi nimeshamaliza. Usinifunge tena kwenye ile mashine."

"Baba, tafadhali."

"Sikuadhibu, Subi. Nakueleza tu ninachoweza na nisichoweza. Siwezi kukaa kwenye kile kiti nikatazama kilicho wazi pembeni yangu."

*

Eliwaza alikataa kuchoma stoo. Alisema kanuni iliandikwa wakati kulikuwa na akiba kubwa ya vichujio, na sasa hawakuwa nayo. Siku mbili walikaa mezani wakijaribu vichujio vyote arobaini na viwili vilivyosalia. Walivizamisha kimoja kimoja kwenye maji ya vuguvugu, wakasukuma hewa kwa bomba la shaba, wakangoja. Kinachotoa povu kilitupwa motoni. Kisichotoa kilifungwa kwenye kitambaa cha nta na kupelekwa kwenye jokofu la barafu, maana baridi huwapunguza visaga mwendo ingawa haiwaui.

Vilipona kumi na vitatu.

Wagonjwa watano waliitwa. Subilaga alisimama mbele yao, akasema tena yote, safari hii pamoja na lile la boksi la tatu. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alitoka nje, akarudi. Anyelwisye alikuwa wa kwanza kusema.

"Sitakudanganya, Daktari. Kama wewe ungekuwa umelala hapa na mtoto wangu ndiye mwenye funguo za stoo, sijui angefanya nini. Lakini sitaki uniguse tena. Sista ndiye aniguse."

"Sawa, Mwalimu."

"Kumi na vitatu kwa watu watano ni siku ngapi?"

"Kwa watu wanne," alisema Mzee Ambakisye kutoka nyuma. "Mimi nimejitoa."

Wote waligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kofia yake ya sufu mkononi.

"Tukiwasafisha mara moja kila siku nane au tisa," Eliwaza alisema polepole, "watu wanne, ni kama mwezi. Mtavimba, mtateseka, lakini mwezi mtaufika. Baada ya hapo sijui."

Ndipo Subilaga alipowaambia kitu alichokuwa amekisoma zamani na ambacho siku mbili zile hakikumtoka kichwani. Mashine ya kwanza ya figo haikuwa na plastiki ya petroli hata kidogo. Ilitengenezwa wakati wa vita, katika nchi iliyokaliwa na maadui, na daktari aliyekosa kila kitu. Alichukua karatasi laini inayoonyesha upande wa pili kama kioo, ile iliyotengenezwa kwa miti na kutumika kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao, akalilaza pipa ndani ya beseni la maji ya chumvi na kulizungusha. Damu ilipita ndani ya karatasi, uchafu ukatoka nje. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa. Hatimaye mmoja akapona.

"Visaga hawali miti," alisema. "Huko Mufindi kuna watu wanaojua kupika miti kuwa karatasi. Nikipeleka maelezo leo, wanaweza kujaribu. Wiki nne, labda."

Mzee Ambakisye ndiye aliyeuliza: "Pipa litazungushwa na nini?"

"Sijui bado."

"Nileteeni karatasi na penseli," alisema mzee. "Hilo nalijua."

*

Karakana ya hospitali ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia. Walimpeleka mzee kila siku asubuhi, wakamkalisha penye joto la tanuri, naye akamwelekeza fundi seremala jinsi ya kuchonga mbao za pipa ili zisikwaruze karatasi, na jinsi ya kufunga ekseli na mpini wake wa mkono ili izunguke bila kuruka. Kiwandani alikuwa mtu wa mashine za kumimina plastiki iliyoyeyuka. Alijua kwa kusikiliza kama kitu kinazunguka sawa.

Siku ya tano miguu yake ilivimba viatu vikakataa. Siku ya saba alianza kujikuna mpaka ngozi ikatoka damu, na alisema chakula chote kina ladha ya sarafu. Subilaga alimpaka mafuta mgongoni. Kwenye jokofu, hatua mia mbili kutoka pale, kulikuwa na vichujio tisa. Alikuwa na uwezo wa kukichukua kimoja. Alifikiria jambo hilo kila alipokwenda kuchota maji na kila aliporudi.

"Unavifikiria," baba yake alisema siku ya nane.

"Ndiyo."

"Nikisinzia usinifunge."

"Sitakufunga, Baba."

Mzee alipumua kwa shida kidogo. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bustani ya wadi.

"Visaga walipokula kiwanda," alisema, "wenzangu waliniuliza ninajisikiaje, binti yangu amewanyima watoto wao ugali. Nikawaambia mto unapitika tena. Nilijivunia, unajua? Nimekaa bila kazi, na ninajivunia. Nilisema kichwa kile nilikisomesha kwa ndoo."

"Najua."

"Visaga sikuwahi kukulaumu. Watu wote tuliwashangilia, wakati ule. Hili la Zuberi nakulaumu." Alimtafuta mkono, akaupata. "Nakulaumu, na mimi ndiye baba yako. Vyote viwili nitaondoka navyo."

Subilaga aliuinamia ule mkono, akaweka paji la uso wake juu yake. 

Siku ya kumi hakuamka vizuri. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, alikufa nyumbani kwake, binti yake akiwa kando ya kitanda na Eliwaza miguuni. Walimzika kwao Rungwe, udongo ukiwa umelowa, na watu wa kile kiwanda cha zamani walikuja wanane, wazee wote, wakachukua majembe kutoka kwa vijana.

*

Karatasi ya kwanza kutoka Mufindi ilichanika. Ya pili ilivuja kwenye viungio. Ya tatu ilifika siku ya ishirini na nne, roli moja la mita arobaini, laini na lenye kung'aa kama ganda la kitunguu. Waliijaribu siku nzima kwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Siku ya ishirini na sita Anyelwisye alilala kando ya pipa, uso wake umevimba kiasi kwamba wanafunzi wake wasingemtambua, na Eliwaza akamchoma sindano.

Pipa lilianza kuzunguka. Damu ilijaa kwenye karatasi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mbao zote zikawa na mistari myekundu. Maji ya beseni yalikuwa meupe. Baada ya saa moja yalianza kugeuka rangi. Eliwaza alichota kwa kikombe cha kioo, akapima, akapima tena.

"Uchafu unatoka," alisema. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango na kulia, akiwa bado ameshika kile kikombe.

Anyelwisye aligeuza kichwa. Alimwona Subilaga amesimama nje ya mlango wa karakana, mahali alipokuwa amejiwekea mwenyewe tangu alipoambiwa asimguse. Walitazamana. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemjibu jirani wa mbali, kisha akafumba macho apumzike. Jokofuni kilikuwa kimebaki kichujio kimoja.

Subilaga hakungoja saa sita za kusafisha damu zitimie. Alikwenda ofisini, akaacha funguo za stoo na barua, akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Eliwaza alimkuta getini, akiwa amemwachia muuguzi mwingine pipa kwa muda.

"Uyole. Kwa mke wa Zuberi."

Eliwaza alitazama chini. Hospitali ilimweleza yule mjane kwamba kichujio kilipasuka, basi. Maneno hayo hayakuwa uongo. "Ameshazika, Subilaga. Hata arobaini inakaribia. Unakwenda kumpa nini?"

"Sijui."

"Basi usiende."

"Sista, akiniuliza mtu mwingine kesho, nitasema. Mjane asilisikie sokoni kwanza."

Alitembea. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ua umefagiwa. Mwanamke mwenye kitenge cheusi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alimtambua, akaacha kazi yake na kuinuka.

"Shikamoo, Daktari. Karibu."

"Marahaba, Sikudhani." Ile heshima ilimchoma. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, akakataa chai, akasema. Alisema harufu ilivyokuwa mlangoni, na kanuni iliyoandikwa ukutani, na maboksi matatu, na lile ambalo hakuwa na uhakika nalo na mtu aliyempa. Alisema baba yake alipewa lililo safi. Hakusema kwamba baba yake amekufa. 

Sikudhani alikuwa ameshika ungo magotini. Maharage machache yalimwagika, akayaangalia yakibingirika mpaka yalipokoma.

"Nilikuwa nimeanza kuzoea," alisema. "Kila asubuhi nilijiambia ni mpango wa Mungu, mashine ilichoka. Nikawa naweza hata kupika. Sasa umekuja kunipa mtu wa kumchukia."

"Ndiyo."

"Unataka nikusamehe?"

"Hapana."

"Maana sitaweza."

"Najua."

Sikudhani aliweka ungo chini. Alikaa mikono mitupu juu ya magoti, akitazama barabara inayopita mbele ya nyumba. Kuku walikuja wakaanza kudonoa maharage, na hakuna aliyewafukuza. Subilaga aliinuka aondoke.

"Kaa," alisema Sikudhani.

Akasimama alipokuwa.

"Wapo watatu. Mkubwa ana miaka kumi na minne, aliniuliza jana tena baba yake alikufaje, nikampa yale maneno ya hospitali. Wanarudi saa nane." Hakumtazama. "Nimechoka kuwaeleza mimi. Utawaambia wewe."

Jua lilikuwa limeshapita katikati. Subilaga alirudi kwenye kigoda, akakaa, akafunga koti lake vifungo vyote, na wanawake wale wawili wakangoja watoto watoke shule.